Mtume, Mtumishi, Mtumwa: Habari za Kitenzi Kimoja

Miaka michache iliyopita, katika usharika mmoja niliohudumu hapa Moshi, tulikuwa tunaandikisha watu wazima waliotaka kuanza mafundisho ya ubatizo na kipaimara. Karatasi ilikuwa na nafasi ya jina, mahali pa kuzaliwa, mdhamini, na kazi. Akafika binti wa miaka kama kumi na tisa, kanga imefungwa kiunoni kama mtu aliyetoka jikoni kwa haraka. Karani alipomwuliza kazi yake, alijibu, "Mtumishi." Karani akainua kichwa. "Mtumishi wa idara gani?" Binti akasema, "Wa nyumbani." Waliokaa kwenye benchi wakacheka. Nami niliyesimama mlangoni nikacheka pamoja nao.

Yeye hakucheka. Alinigeukia, akaniamkia kwa heshima, kisha akauliza: "Baba Mchungaji, Jumapili mzee wa kanisa alisema tumkaribishe mtumishi wa Mungu, na wewe ukasimama. Hilo neno lako na hili langu ni neno moja, au ni mawili?"

Sikuwa na jibu. Nilisema maneno mawili matatu ya kupita, nikaingia ofisini. Lakini swali lake lilinifuata nyumbani, likakaa nami mezani, na hata sasa halijaondoka. Nimelifuatilia katika vitabu vya lugha, katika historia ya mlima wetu, na katika Biblia yenyewe. Makala hii ni jibu langu la kuchelewa kwa yule binti, na naliweka mbele yenu ndugu washarika, kwa sababu naona linatuhusu sote.

Neno moja, vinywa vingi

Tuanze na kitenzi chenyewe: kutuma. Ni neno dogo, mtoto hulijua kabla hajajua kuhesabu, kwa maana kutumwa dukani ndiyo shule yake ya kwanza. Katika Kiswahili kuna maneno mengi tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, hata yale ya ibada: sala, malaika, roho, dhambi. Kutuma si mojawapo. Hili ni neno la nyumbani, na nyumba yake ni kubwa kuliko tunavyodhani.

Mganda husema -tuma, na Mnyarwanda vilevile. Mkikuyu naye ana -tũma. Ukisafiri kusini mpaka Zimbabwe, Washona wanasema -tuma. Ukifika kwa Wazulu na Waxhosa, utasikia -thuma, neno lilelile lenye pumzi kidogo. Kwa Wasotho na Watswana limekuwa -roma. Na sisi tuliozaliwa Old Moshi, tuliolelewa na bibi waliozungumza Kichagga tu, tunajua kwamba kwetu ni -ruma. Matamshi hutofautiana kidogo kutoka mto hadi mto, maana mlima wetu haujawahi kuwa na lugha moja tu, lakini mtoto wa Kichagga akiambiwa anatumwa huelewa mara moja.

Mbona kwetu ni r na pwani ni t? Hapa kuna jambo la kupendeza. Hesabu moja, mbili, tatu. Pwani ni tatu. Kwetu ni -raru. Kule t, huku r, na si katika neno moja tu. Watswana na Wasotho nao, walio maelfu ya kilomita kusini kwetu, wana -raro kwa tatu na -roma kwa tuma. Sauti hizi hazikugeuka ovyo ovyo. Zina utaratibu wake, kama mfongo wetu wa maji unavyofuata mteremko.

Aliyefanya kazi kubwa ya kuupanga utaratibu huo alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Carl Meinhof alihudumu katika kijiji cha Zizow, Pomerania, huko Ujerumani, tangu 1886. Mwaka 1899 alitoa kitabu kilicholinganisha sauti za lugha za Kibantu na kuonyesha kwamba zinaweza kufuatiliwa nyuma hadi lugha mama moja. Kabla yake, mwaka 1862, Wilhelm Bleek alikuwa amezipa lugha hizi jina la Bantu, kutokana na neno letu watu. Lakini Meinhof hakujifunza haya kwa kukaa na vitabu peke yake. Alikuwa na mwalimu, kijana Mduala kutoka Kamerun aliyeitwa Njo Dibone, aliyekaa naye kule kijijini. Kwa Waduala, tatu ni -lalo. Mwafrika mmoja alitamka, mchungaji akasikiliza, na elimu ikazaliwa.

Ni haki pia kusema kwamba mchungaji huyo hakubaki njiani. Baadaye alifundisha kana kwamba lugha na watu wa Afrika vinaweza kupangwa ngazi, wengine juu na wengine chini, na mwaka 1933 alijiunga na chama cha Hitler. Masikio yake yalisikia kwamba lugha zetu ni ndugu, lakini hilo halikumzuia kuwasahau wenye lugha. Nalitaja hili kwa sababu tutalikuta tena: mtu anaweza kulijua neno vizuri na bado akamdharau anayelisema.

Wataalamu wa leo wanasema kwamba lugha hizi zilianza kusambaa kutoka eneo la mpaka wa Nigeria na Kamerun, yapata miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita. Kwa hiyo babu zetu walikuwa wakitumana kabla ya Musa kutumwa kwa Farao. Walikuja na neno hili vinywani, wakapita misitu na mito, na baadhi ya watoto wao wakapanda mlima wetu wakiwa nalo.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea. Si kila neno linalofanana na tuma ni ndugu yake. Wahubiri wengine hupenda kusema kwamba tumaini limetoka katika tuma. Ni wazo tamu, lakini wanaochunguza asili ya maneno huliunganisha tumaini na Kiarabu. Tusijenge hubiri juu ya sauti tu.

Watoto watatu wa mama mmoja

Sasa tuwatazame watoto wa kitenzi hiki katika Kiswahili. Wako wengi: tumia, tumika, tumikia, utume, utumishi. Lakini watatu ndio wanaotuhusu: mtume, mtumishi na mtumwa.

Mtume ameumbwa kama mteule au kiumbe. Mteule ni aliyeteuliwa. Kiumbe ni kilichoumbwa. Mtume ni aliyetumwa. Ile e ya mwisho, katika maneno ya namna hii, humwonyesha mtu aliyetendewa jambo. Ni neno la zamani pwani. Waislamu walikuwa wakilitumia kwa Mtume Muhammad muda mrefu kabla ya mmisionari wa kwanza kushuka Mombasa, na wafasiri wa Biblia walilikuta tayari, wakalipokea kwa ajili ya Petro, Paulo na wenzao.

Mtumishi ameumbwa kama mpishi na mwandishi. Anayepika ni mpishi, anayeandika ni mwandishi, anayetumika ni mtumishi.

Na mtumwa? Sikilizeni vizuri. Mtumwa naye, neno kwa neno, ni aliyetumwa. Tuma, tumwa, mtumwa. Kwa sarufi tupu, mtume na mtumwa wana maana moja. Lakini mmoja tunamwita Mtakatifu, na mwingine aliuzwa sokoni.

Ukitaka kuona ajabu ya jambo hili, toka pwani uende bara. Mkikuyu akifungua Biblia yake kwenye Matendo ya Mitume, anakuta jina Atũmwo. Mtume kwake ni mũtũmwo, sawasawa kabisa na mtumwa wetu kwa umbo, na hakuna anayefikiri minyororo. Mtumwa wa kununuliwa yeye humwita ngombo. Mnyarwanda humwita mtume intumwa. Mchewa wa Malawi husoma Matendo ya Atumwi, na mtumwa wa minyororo kwake ni kapolo. Mganda ana omutume kwa mtume na omuddu kwa mtumwa. Kwa Mzulu, isithunywa ni mjumbe aliyetumwa na mkubwa. Kwa ndugu zetu hawa wote, kutumwa ni heshima. Anayetumwa amebeba sauti ya aliyemtuma, ndiyo maana wahenga walisema mjumbe hauawi.

Ni katika Kiswahili cha pwani tu, kati ya hawa niliowataja, ambapo aliyetumwa aligeuka kuwa mali ya mtu. Kwa nini?

Kilichotokea pwani

Lugha haibadiliki bila watu kubadilika. Katika karne ya 19, Sultani Sayyid Said alipohamishia makao yake Zanzibar kutoka Oman, mashamba ya karafuu yalienea Unguja na Pemba, na mashamba yalitaka mikono. Misafara ilikwenda bara kutafuta pembe za ndovu na watu. Katika mji wa namna hiyo, mtu anayetumwa kutwa kucha ni yupi? Ni yule asiyeweza kusema, "Leo sitakwenda." Neno likamng'ang'ania. Lililokuwa jina la kazi likawa jina la hali, na mtu akazaliwa nalo na kufa nalo.

Hata kibarua, neno tunalolisikia kila siku kwenye ujenzi hapa mjini, lina kumbukumbu ya wakati ule. Ni barua ndogo. Watumwa waliokodishwa mjini kufanya kazi kwa malipo walihusishwa na kipande hicho cha karatasi, na sehemu ya ujira ikaenda kwa bwana. Karatasi imesahaulika, jina limebaki kwa mtu.

Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la Zanzibar likafungwa. Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Kianglikana pale Mkunazini, mahali pa soko lenyewe, chini ya juhudi za Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu. Steere ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili cha Unguja. Hebu fikirini: mtu anatafuta neno la kumwita Paulo, na nje ya dirisha wapo watu ambao juzi walikuwa na bei. Utumwa kisheria ulikomeshwa Zanzibar mwaka 1897, na hapa Tanganyika mwaka 1922. Mwaka 1922 si zamani sana. Wako wazee katika sharika zetu ambao baba zao walikuwa tayari wamezaliwa.

Kilichotokea mlimani

Hapa sisi watu wa Kilimanjaro huwa tunapenda kunyamaza, kana kwamba utumwa ulikuwa habari ya pwani. Haikuwa hivyo. Mlima ulikuwa kituo cha misafara iliyopanda kutoka Pangani na Mombasa. Wamangi wetu wakubwa, Rindi wa Moshi na Sina wa Kibosho, walipigana na majirani, wakateka ng'ombe na watu, na mateka wengine wakauzwa kwa wafanyabiashara wa pwani, wakalipwa bunduki na nguo. Waliouza walikuwa Wachagga, na waliouzwa walikuwa Wachagga. Watoto na wanawake walioshuka kwenda nyikani na misafara ile hawakupanda tena kuviona vihamba vyao.

Na neno likapanda nao kinyume, kutoka pwani kuja mlimani. Kwa Kichagga cha bibi zetu, -ruma ilikuwa na maana ya kutuma tu. Kiswahili kilipokuja na misafara, kilikuja na mtumwa.

Wamisionari nao walikuja, na jina lao pia limo katika habari hii. Misioni ni neno la Kilatini lenye maana ya kutuma, na mtume kwa Kigiriki, apostolos, ni aliyetumwa. Johannes Rebmann, aliyetumwa Afrika Mashariki na chama cha Church Missionary Society, aliiona theluji ya Kibo tarehe 11 Mei 1848. Dunia inamkumbuka yeye. Lakini hakupanda peke yake. Aliongozwa na Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia za misafara, na wapagazi wakambebea mizigo. Wote walikuwa wametumwa. Mmoja ndiye aliyeitwa mmisionari.

Mwaka 1893 Walutheri wa Leipzig walianza kazi Machame, mwaka uliofuata wakafika Mamba, na mwaka 1896 Kidia, Old Moshi. Mwaka huohuo wa 1896, mwezi Oktoba, wawili kati yao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Meru usiku. Tunawakumbuka, na ni haki. Lakini pamoja nao waliuawa pia Wachagga waliokuwa wamefuatana nao. Ni wangapi kati yetu wanaoweza kutaja jina la mmoja wao? Walikwenda kwa sababu walitumwa. Damu yao ilimwagika mahali palepale. Sisi tumewaweka wawili kwenye fungu la mitume na wengine kwenye fungu la wapagazi.

Baadaye akaja Bruno Gutmann, aliyefika nchini mwaka 1902 na kufanya kazi Old Moshi hadi 1938. Alipenda sana Kichagga, akataka Injili ihubiriwe kwa lugha ya ukoo na kihamba, na Agano Jipya la Kimochi alilotafsiri lilichapwa mwaka 1939. Wengine walimwona anatufungia mlimani wakati vijana wanataka Kiswahili cha nchi nzima. Ubishi huo sitauingia leo. Natazama jambo moja tu. Kwa Kichagga, msomaji alisikia habari za waliotumwa na Mungu bila kusikia mlio wa mnyororo. Kwa Kiswahili, alisikia vyote viwili. Nadhani tulihitaji vyote viwili.

Kisha vita ya kwanza ikaja, na kufikia mwaka 1920 wamisionari Wajerumani walilazimika kuondoka. Nani alibaki na makanisa? Walimu wa Kichagga. Watu ambao siku zote walitumwa na mchungaji wa Kizungu, nenda kafundishe, nenda kamtembelee mgonjwa, nenda kapige kengele, waliamka asubuhi moja na aliyewatuma hayupo. Wangeweza kwenda nyumbani. Hawakwenda. Walifundisha, wakazika wafu, wakaimbisha nyimbo. Bila aliyewatuma kuonekana, wakaendelea kuwa waliotumwa. Naona hapo ndipo neno letu lilipoanza kurudi kwenye maana yake ya asili. Walipokutana makanisa saba tarehe 19 Juni 1963 kuunda Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, mkuu wa kwanza wa KKKT alikuwa mwana wa mlima huu, Askofu Stefano Moshi, mzaliwa wa Mamba. Kazi iliyoanza kwa watu kutumwa kutoka Leipzig ilikuwa sasa na watumaji wake hapahapa.

Paulo alijiitaje?

Turudi kwenye Biblia, maana swali la binti yule liko ndani yake. Fungueni Warumi, mstari wa kwanza kabisa. Katika Biblia ya Union, ile ya 1952 ambayo wengi wetu tumeikariri, Paulo anajitambulisha kwa majina mawili yakifuatana: kwanza mtumwa, halafu mtume. Katika Kigiriki maneno haya mawili hayana undugu: doulos ni mtu anayemilikiwa, apostolos ni mjumbe. Msomaji wa Kigiriki haoni kwamba yametoka tumbo moja. Sisi wasomaji wa Kiswahili tunaona. Lugha yetu, kwa njia ya uchungu mwingi, imetupa kitu ambacho Paulo mwenyewe hakuwa nacho mdomoni: mtumwa na mtume ni neno moja.

Fungueni tena Yohana 13, baada ya Bwana kuwaosha wanafunzi miguu. Mstari wa 16 unayaweka maneno hayo mawili pamoja tena, mtumwa na mtume, na kusema hakuna kati yao aliye mkuu kuliko aliye juu yake. Katika Marko 10, anayetaka kuwa wa kwanza anaelekezwa kuwa mtumwa wa wote. Na Wafilipi 2 inasema hali ya mtumwa ndiyo aliyoitwaa Kristo mwenyewe.

Tafsiri ya Habari Njema, pale mwanzo wa Warumi, imechagua mtumishi badala ya mtumwa. Nawaelewa wafasiri. Katika nchi ambayo watu waliuzwa, kumwambia mtu ajivunie kuwa mtumwa ni jambo zito. Neno hilo lilitumiwa pia kuwatuliza watu wasidai haki zao, waambiwe wavumilie kwa kuwa hata Paulo alikuwa mtumwa. Hilo lilikuwa kosa. Paulo alijiita mtumwa yeye mwenyewe. Alipomwandikia Filemoni habari za Onesimo, mtumwa halisi aliyekuwa na bwana halisi, aliomba apokewe kama ndugu mpendwa. Huo ndio mpangilio wa Injili: jina la chini jichukulie wewe, na la juu umpe mwenzako.

Sisi tumefanya kinyume. Neno mtumishi tumelipandisha cheo likawa letu wachungaji na wainjilisti. Tunaitwa watumishi tunapokalishwa viti vya mbele na kupakuliwa nyama ya kwanza. Na yule aliyeipika nyama, anayetumwa tangu saa kumi na moja alfajiri hadi wa mwisho alale, akijiita mtumishi tunacheka.

Jani la isale

Nikiwa mtoto, babu yangu alitumwa siku moja kupeleka isale. Wanaotoka mlimani wanajua: isale ni mmea tunaoupanda mipakani mwa kihamba, na jani lake ni la kuombea msamaha. Jirani mmoja alikuwa amemkosea mwenzake kwa maneno makali juu ya mpaka. Hakuweza kwenda mwenyewe. Akamwomba babu. Babu alivaa koti lake la kanisani, akachukua jani lililofungwa fundo, akanichukua na mimi.

Njiani nilianza kumwuliza habari zake, naye akanikatiza. "Sasa hivi mimi si babu yako," alisema. "Mimi ni yule aliyenituma." Tulipofika, mzee wa pale, mtu aliyemzidi babu kwa mali na sauti, alisimama mlangoni na kumsalimu, "Shimbonyi, mbe," kisha akalipokea jani kwa mikono miwili. Kwa desturi yetu, isale haikataliwi. Babu hakuwa na cheo chochote siku ile. Alikuwa ametumwa tu, na kwa sababu hiyo aliheshimiwa kuliko siku nyingine zote.

Hiyo ndiyo -ruma niliyoikuta nyumbani kabla sijajua Kigiriki. Aliyetumwa hutazamwa kwa uso wa aliyemtuma. Ukimdharau, humjeruhi yeye tu. Mungu Baba alimtuma Mwanawe, na Mwana akawatuma wanafunzi vivyo hivyo. Ndivyo isemavyo Injili ya Yohana sura ya 20. Kama basi Mungu ndiye anayetuma, hakuna aliyetumwa wa bei ya chini.

Sasa naweza kumjibu yule binti. Ni neno moja, binti yangu. Lako na langu ni neno moja, na ukubwa wa mmoja wetu haukai katika neno hilo. Lako pia lina haki ya kulitumia kabla yangu, kwa maana wewe unatumika kweli. Nilipocheka mlangoni, nililigawanya neno ambalo Mungu aliliunganisha. Nilimwomba msamaha kabla hajapata kipaimara, mbele ya darasa lile lile, bila jani mkononi, alinipokea.

Nanyi ndugu washarika, nawaachia mambo matatu ya kufanya wiki hii. La kwanza: anayetumwa nyumbani mwako, mjue jina lake kamili, na kwao ni wapi. Mlipe kwa siku mliyopatana. Mpe Jumapili yake, na mwaliko wa ibada uwe wa kweli, siyo abaki na funguo za nyumba mpaka mrudi. La pili: katika koo zetu ziko nyumba zinazonong'onezwa kwamba babu yao alikuwa mateka, hivyo hawana neno kwenye kikao cha ukoo. Minong'ono hiyo ifie kwetu, isirithiwe na watoto. La tatu ni kwetu sisi wachungaji: tukiitwa watumishi, tuulize ni nani anatutuma leo, na kwa nani, na tumembebea nini.

Ee Bwana, uliyekubali kutumwa kwetu na kuitwaa hali ya mtumwa, tusamehe tulipowapima watu kwa kazi waliyotumwa kufanya. Ututume na sisi, na utupe kuwaona wenzetu waliotumwa pamoja nasi. Amina.